Karani wa Masjala na Waota Ng'ombe

Walisema hataweza. Mhasibu alisema mtu aliyemaliza ujana wake akifunga mafaili kwa uzi hawezi kukaa chini akaandika orodha ya wadau wa mradi wa kompyuta. Dereva wa Mratibu alisema Karani akiiona kompyuta inawaka ataipigia hodi kwanza. Mratibu mwenyewe, aliyekuwa bosi wetu sote kwenye mradi, alisema, "Mwacheni ajaribu, mzee wa watu, atachoka mwenyewe." Na mimi, mtu pekee katika jengo lile lote mwenye stashahada ya kompyuta, nilisema kwa sauti kuliko wote kwamba Karani akifanikiwa nitatembea kwa miguu kutoka Dodoma mpaka kwetu Kibakwe, na vilima vyake vyote.

Sijatembea. Mambo hayo tutayafikia.

Nieleze kwanza ni nani anayesimulia, maana katika simulizi hii si mimi ninayepaswa kung'aa, na ni vizuri msomaji ajue ninajinyima nini. Sikubebwa na mjomba wala na mfadhili. Nilianza na magunia ya vitunguu, nikiyashusha kutoka Kibakwe hadi stesheni ya Gulwe, na vitunguu hivyo ndivyo vilivyonipandisha ndege hadi India. Nilisoma Pune, nikila dengu hadi nikaota dengu, nikarudi na stashahada yenye muhuri wa dhahabu. Nilirejea nchini katika miaka ya ruksa, wakati kila kitu kilikuwa kinauzwa: mitumba, redio za kaseti, maji ya chupa. Wafadhili nao walikuwa wanaleta kompyuta kwenye ofisi ambazo watumishi wake walikuwa wanapokezana viti. Nilipata kazi siku hiyohiyo niliyoomba. Sisemi kwa kujisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Masjala ilikuwa mwisho wa korido, baada ya choo kisichofanya kazi. Ndani yake mafaili yalipanda hadi darini, na katikati ya mafaili alikaa Karani, mtu mwembamba mwenye koti la kahawia lililofifia mabegani kwa jua la Dodoma, mfukoni kalamu mbili na kifundo cha uzi wa kufungia mafaili. Mbele yake ilikuwa rejista ndefu yenye safu: kilichotoka, aliyeazima, sahihi, kilichorudi, sahihi. Mkuu wa Mkoa akitaka faili, alitia sahihi. Tarishi akitaka faili, alitia sahihi. Siku yangu ya kwanza nami nilikwenda kuazima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mzee ni baba yako huko nyumbani. Mimi Karani."

Nikatia sahihi, na pembeni yake, kama nilivyozoea, nikaandika stashahada yangu na jina la mji nilikosomea. Karani akachukua rula, akakata yale maneno ya pembeni kwa mstari ulionyooka.

"Safu hii ni ya jina," alisema. "Stashahada haiazimi faili. Mtu ndiye anayeazima."

Tangu siku ile tulikuwa na vita ndogo. Kila nilipotia sahihi niliandika stashahada. Kila nilipogeuka nilisikia rula inateleza kwenye karatasi.

Alikuwa na imani moja ambayo aliishika kuliko wengine wanavyoshika dini: kinachotoka hurudi. Aliwahi kusafiri hadi Mpwapwa kwa lori la mkaa kumfuata afisa mstaafu aliyeondoka na faili la bomba la maji. Afisa alimpa chai, akampa kuku, akamwambia faili limeliwa na mchwa. Karani alikunywa chai, akakataa kuku, akakaa barazani siku mbili. Siku ya tatu faili likatoka uvunguni mwa kitanda. "Mchwa wamelirudisha," aliniambia, bila kucheka, na nilipotazama kwenye rejista nikakuta kweli ameandika: limerudishwa na mchwa, na sahihi ya afisa pembeni.

Nisimpake mafuta, maana hata yeye alikuwa na vioja vyake. Mtu huyu ambaye faili la mwingine halikumpotea kamwe, faili lake mwenyewe la likizo lilipotea, na kwa miaka mingi hakwenda likizo kwa sababu hakuwa na faili la kuombea. Alikuwa mzee wa kanisa asiyependa kwaya. Alikunywa chai bila sukari lakini alitembea na sukari kwenye karatasi mfukoni, kwa ajili ya wageni. Na yeye aliyetufundisha wote kwamba kila jambo lazima uwaulize wanaohusika, alinunua redio ya kaseti bila kumwuliza mkewe. Mama yule akaibeba kichwani hadi dukani akairudisha, na Karani akapokea taarifa hiyo akiwa kazini, kwa simu, kutoka kwa mwenye duka.

"Ulisahau mdau," nilimwambia.

"Sikusahau," alisema. "Niliogopa."

Neno hilo, mdau, ndilo lililokuwa limeingia mjini na wafadhili. Kabla ya hapo tulikuwa na wananchi. Sasa mradi haukuweza kupata hata kalamu kabla haujaonyesha orodha ya wadau. Kwa hiyo Mratibu aliitisha warsha hotelini: feni, vitambaa vyeupe, soda mbili kwa kila mtu, posho ya kukaa. Mradi wetu ulikuwa wa kuandikisha ng'ombe wa mkoa kwenye kompyuta, ili vibali vya mnadani vitoke kwa mashine badala ya mkono. Mimi ndiye niliyeandika programu. Katika warsha ile wadau waliorodheshwa kabla ya chakula cha mchana: wizara, mfadhili, ofisi ya mkoa, mabwana mifugo na wafugaji. Watano. Tulipiga makofi. Mfugaji hakuwepo hata mmoja, lakini kulikuwa na picha yake ukutani.

Karani aliletwa kugawa makabrasha. Nilimwona ametoka nje, amekwenda jikoni, kisha maegeshoni, kisha kwa mlinzi, akiandika kitu kwenye gamba la bahasha. Nilimfuata.

"Unaandika nini?"

"Watu ambao hawajapata soda."

"Ili iweje?"

"Bwana mdogo, ukitaka kujua kazi inamgusa nani, usiwahesabu walioitwa. Walioitwa wanajulikana. Mtafute atakayelia ikiharibika, kisha uone kama ana kiti."

Nilicheka. Nilikuwa na sababu ya kucheka: nilikuwa na soda mbili. Lakini kicheko hicho kilikuwa kimebakiza wiki tatu tu.

Maana baada ya warsha kompyuta yetu ilianza kuzimika. Kila siku, saa nne asubuhi, pu! kiza. Nilifungua mashine, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilisoma vitabu vyote nilivyorudi navyo. Niliandika taarifa ya kurasa sita juu ya umeme wa Dodoma, na hadi leo nasema ilikuwa taarifa nzuri. Karani alipita mlangoni na faili kwapani.

"Umemwuliza mama wa chai?"

"Mama wa chai anajua nini kuhusu kompyuta?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza kama umemwuliza."

Mama wa chai alikuwa mhudumu wa ofisi, mwanamke mnene mpole aliyetuita sote baba. Nilimwuliza kwa dharau kidogo. Akanijibu kwa heshima zote: ndiyo, baba, mimi ndiye ninayechomoa. Soketi nzima ilikuwa moja tu katika korido yote, na birika la umeme lilikuwa likikaa hapo tangu zamani, kabla mashine haijazaliwa. "Lakini huwa naifunika kwanza na kitambaa, baba, mvuke usiidhuru." Wiki tatu! Na kitambaa nilikuwa nakiona, nikidhani ni adabu.

Jioni hiyo Karani aliandika jina la mama wa chai juu kabisa ya gamba la bahasha, na mimi nikajua kwamba ile orodha yetu ya wadau watano imeanza kutiliwa shaka.

Kilichoiua orodha ile ni Chemba. Tulikwenda huko kwa Land Rover ya mradi kufanya majaribio ya uandikishaji, tukafunga turubai kwenye uwanja wa mnada, tukapanga fomu. Nilizitengeneza mwenyewe fomu zile na zilikuwa safi: aina ya ng'ombe, rangi, alama, na mstari mmoja uliosema mwenye ng'ombe. Watendaji wa vijiji walikuwa wametangaza wiki nzima. Asubuhi ile waliletwa mbuzi kumi na wawili na maksai mmoja anayechechemea. Nchi nzima ile, ambayo siku ya mnada huoni ardhi kwa kwato, ilikuwa nyeupe.

Akaja mzee mmoja na fimbo yake, akatusalimu, "Mbukwa!", akakaa kwenye kiti changu.

"Ng'ombe wako wapi, babu?" nilimwuliza.

"Ng'ombe gani?"

"Wa kijiji."

"Kijiji hakina ng'ombe, mjukuu wangu. Watu ndio wana ng'ombe."

"Basi, wa watu."

"Wa watu gani? Maana watu wenyewe hawako hapa."

Mratibu alimwona mzee yule kuwa mkaidi. Mimi nilimwona kuwa mlevi. Karani, aliyekuja kutunza fomu, alichukua kalamu akaandika maneno ya mzee neno kwa neno, akamshukuru, akampa sukari.

Njiani kurudi, tukiwa tumejaa vumbi hadi kwenye kope, Karani alituambia kwa nini ng'ombe hawakuletwa.

"Ukiwa na ng'ombe ishirini, unawaweka wote zizini kwako? Ugonjwa ukiingia, umekwisha. Ukame ukipiga upande wako, umekwisha. Shemeji akija anawahesabu kabla hajakusalimia. Kwa hiyo wawili unamwekesha rafiki, watatu mkwe, mmoja mtu wa mbali. Yeye anakamua, anapata mbolea, na siku moja unamwachia ndama. Wanaojua ni nyinyi wawili na labda shahidi. Ng'ombe ana watu wawili, bwana mdogo: anayemfungia zizini na anayemwota usingizini. Fomu yako ina nafasi ya mtu mmoja."

Dereva aliitikia kwa kichwa kana kwamba anaambiwa jua ni la moto. Na mimi, mtoto wa Kibakwe, nilijua haya yote tangu sijavaa kaptura! Babu yangu aliota ng'ombe waliokuwa Kongwa. Lakini Pune walinifundisha kwamba kila mali ina mwenye mmoja na kila mwenye ana namba moja, nami nilijifunza vizuri sana. Hilo ndilo kosa la mtu hodari. Mjinga asingeweza kulifanya.

"Basi atakayeandikwa ni nani?" Mratibu aliuliza.

"Ukimwandika anayemfunga, umemnyang'anya anayemwota. Ukimwandika anayemwota, umemtangaza. Nipe wiki mbili niwatafute, niwaulize."

Hapo njiani, na kesho yake ofisini, ndipo waliposema hataweza, wote kwa zamu, na mimi nikaahidi safari yangu ya miguu.

Alianza kwa opareta wa simu. Opareta wetu alikuwa haoni. Alisoma Buigiri, kwenye shule ya wasioona, na alimjua kila mtu wa mkoa kwa kikohozi. Karani alikaa naye mchana kutwa kwenye chumba cha simu. "Wizara hupiga kudai ripoti," opareta alimwambia. "Mnadani hupiga kudai vibali. Lakini wanaopiga huku wanalia, Karani, hao sijawahi kuwasikia kwenye mkutano wenu." Akampa sauti saba, na vijiji zinakotoka.

Nilikwenda naye safari ya kwanza, kwa sababu Mratibu alitaka mtu msomi awepo. Karani hakuwa na fomu. Alikuwa na rejista yake kwenye mfuko wa turubai. Alikuwa akifika mahali, anasalimia, anakaa, ananyamaza. Mimi siwezi kunyamaza. Nilijaribu kueleza kompyuta ni nini, naye akanikanyaga mguu. Ukimya wake ulikuwa kama ule wa siku mbili barazani Mpwapwa. Mtu alikuwa anaongea mwenyewe mwishowe ili mgeni aondoke.

Na tulichokikuta kilinishangaza mimi, ambaye si rahisi kushangazwa. Watu walikuwa na madaftari. Serikali ilikuwa imeleta kompyuta kuandika kitu ambacho kilikuwa kimeshaandikwa, kwa penseli, nyuma ya madaftari ya hesabu ya darasa la tatu. Mtunza josho, anayeogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, alijua nani hasa hutuma hela ya dawa ya ng'ombe gani. Mwinjilisti mstaafu alikuwa shahidi wa kuwekeshana kwa nusu ya tarafa. Na pale Chemba, pembeni mwa mnada, kulikuwa na mama muuza uji, mjane, ambaye wafugaji wasiojua kusoma humpa vibali awasomee. Daftari lake lilikuwa limefungwa kwenye kanga, chini ya unga wa uwele.

Karani alimwomba amwazime daftari hilo. Mama aliendelea kukoroga.

"Marehemu aliweka ng'ombe watatu kwa rafiki yake," alisema. "Shemeji zangu walipokuja kugawana, walichukua hadi jembe. Hao watatu hawawajui. Wanangu wakikua watawafuata. Karani, daftari hili ndilo mume wangu sasa. Likipotea, au likisomwa na asiyehusika, nimefiwa mara ya pili."

Karani alifungua rejista. Aliandika: daftari moja, la kanga. Kwenye safu ya mwazimaji akaandika jina lake mwenyewe, akatia sahihi, kisha akamchania kipande cha karatasi chenye maneno yaleyale.

"Kinachotoka hurudi," alimwambia.

Mama akanitazama. "Na huyu?"

"Huyu ana stashahada," Karani alisema. "Lakini ni mtu mzuri."

Wiki mbili zilipokwisha alikuwa na madaftari saba, kutoka kwa watu saba, na orodha iliyojaza kurasa tisa. Palikuwa na wanaofunga na wanaoota, mashahidi, mtunza josho, opareta, muuza uji, mama wa chai, na hata mwenye duka anayekopesha dawa ya kupe. Kila jina lilikuwa na sentensi moja mbele yake: atalia lini, na kwa sababu gani. Aliibandika ukutani kwa gundi ya unga. Mhasibu alisoma ukurasa wa kwanza akaenda zake. Dereva alisoma yote, maana naye alikuwemo. Alikuwa na ndama wawili Bahi.

Nilibadilisha programu yangu kwa siku nne. Niliongeza mstari wa pili, wa anayeota, na naomba ieleweke kwamba hakuna programu Pune iliyokuwa na kitu kama hicho. Nikayachapa majina yote ya madaftari saba kwenye disketi moja, nyeusi, laini, pana kama kiganja. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikamwita Mratibu aione.

Mratibu aliyatazama majina yakipanda kwenye kioo, na uso wake ukawaka kuliko kioo.

"Sasa tumewapata," alisema.

"Nani amekosa?" Karani aliuliza kutoka mlangoni.

"Karani, watu hawa wana mali na hawalipii kodi ya mifugo! Miaka yote! Tutachapa madai, jina kwa jina, tutayabandika kwenye kila mnada. Jumatatu watu wa mapato wanakuja. Nataka disketi hiyo na madaftari yote saba mezani kwangu."

Nilimfikiria mama wa uji, na jina lake limebandikwa mahali ambapo shemeji zake huja kuuza mbuzi. Nilitazama pembeni. Karani aligeuka, akatoka. Alikwenda masjala, akarudi na mfuko wa turubai na baiskeli ya mlinzi.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Kabla hajaondoka aliingia chumba cha kompyuta, akafunga mlango, akaweka rejista mbele yangu.

"Mwanangu," alisema, na hakuwahi kuniita hivyo, "hiyo disketi ina nakala?"

"Haina. Na hata ingekuwapo, mkoa huu mzima hakuna wa kuifungua isipokuwa mimi."

"Nilidhani hivyo. Naomba kuiazima."

"Kwa kazi gani?"

"Ya masjala."

"Utairudisha lini?"

"Kazi yake ikiisha."

Siku zote mimi ndiye niliyekuwa mwazimaji na yeye mtoaji. Siku ile tuligeuka. Aliandika kwa mkono wake: disketi moja, nyeusi. Mtoaji, jina langu. Mwazimaji, Karani. Ningeweza kukataa. Sitasema nilikuwa shujaa, ingawa msomaji ameshajua kwamba nisingeona haya kulisema. Niliitoa kwenye mashine nikampa, nikajiambia kwamba rejista ni rejista.

Jumamosi na Jumapili alizunguka kwa baiskeli, kwa basi, na kwa lori la mahindi. Jumatatu saa mbili alikuwa mezani kwake, midomo imepasuka kwa upepo, na rejista ilikuwa na sahihi saba mpya kwenye safu ya kurudisha, nne zikiwa za dole gumba, za wale ambao watoto wao ndio huwaandikia.

Mratibu aliniita mbele ya watu wa mapato.

"Disketi iko wapi?"

"Imeazimwa na masjala."

Tukaenda masjala, msafara mzima. Karani alisimama kwa heshima, akafunua ukurasa, akateremsha kidole.

"Iko kwenye mzunguko," alisema.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua hakuna jibu zito kuliko hilo. Faili lililo kwenye mzunguko halijapotea wala halipo. Watu wa mapato, ambao nao walikuwa watumishi, walitikisa vichwa kwa kuelewa.

"Na madaftari?"

"Yamerudi yalikotoka. Sahihi hizi hapa."

Mratibu alinituma Chemba nikayatafute tena. Niliuliza madaftari. Watu waliniuliza, madaftari gani? Mama wa uji alinijazia kikombe hadi juu na kukataa hela.

Mradi ulifungwa kwa sherehe na taarifa yenye wadau watano. Kompyuta ikawekewa maua ya plastiki juu. Mimi nilipewa barua ya onyo, mimi, ambaye faili langu lilikuwa safi kama sahani ya bwana harusi; na aliyeifunga barua hiyo kwenye faili langu ni Karani mwenyewe, kwa uzi wake. "Nimeifunga vizuri," aliniambia. "Haitadondoka." Zilipokuja orodha za kupunguza wafanyakazi, jina lake lilikuwa la kwanza. Aliondoka na koti lake na rejista ile moja, ambayo kurasa zake zilikuwa zimejaa, na hakuna aliyemzuia kwa sababu hakuna aliyejua kwamba rejista ni ya nani.

Wakaanza tena. Walisema ameiuza disketi. Walisema ameitumia kufunika mtungi. Walisema Karani ambaye maisha yake yote alidai vya watu virudi, chake hatakirudisha kamwe. Na safari hii pia mimi ndiye niliyesema kwa sauti, maana barua ya onyo ilikuwa yangu.

Miaka ikapita. Niliacha serikali, au tuliachana, nikafungua kituo changu cha kompyuta karibu na soko, mashine sita zangu mwenyewe, wanafunzi hadi mlangoni, stashahada ukutani kwenye fremu ya kioo. Kodi ya mifugo ilifutwa. Asubuhi moja, nikiwa nafundisha, wanafunzi walisimama mmoja mmoja wakisema shikamoo, shikamoo, na nilipogeuka akawa ameshafika mezani kwangu. Koti lilikuwa lilelile. Ndani yake mtu alikuwa amepungua.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Nimekuja kurudisha."

Alifungua mfuko wa turubai. Akatoa rejista, kisha kifurushi cha kipande cha kanga. Ndani ya kanga kulikuwa na magamba mawili ya faili, na katikati ya magamba ile disketi, haina hata mkwaruzo, imefungwa kwa uzi.

"Baada ya miaka yote hii?"

"Ulisema lini, nikasema kazi yake ikiisha." Akakaa, akapumua. "Walikuwa wengi humo, mwanangu. Wengine wamekufa na watoto wamechukua. Wengine wameuza ng'ombe wao. Wa mwisho alikuwa mama wa uji. Wanawe wamekua. Wiki iliyopita walikwenda kwa yule rafiki wa baba yao na mama yao mbele. Ng'ombe walikuwa watatu; sasa ni kumi na mmoja, na ndama wawili wakaachwa kwa rafiki huyo kwa shukrani. Waliswagwa mchana kweupe, katikati ya mnada, shemeji wamesimama hapohapo."

"Wakasema nini?"

"Walihesabu."

Nilicheka hadi wanafunzi wakageuka. Kisha nikaitazama disketi. Mashine zangu zote sita hazikuwa tena na tundu la kuingiza kitu cha namna ile. Sidhani kama ilibaki moja Dodoma nzima. Niliishika hata hivyo kwa kingo zake, kama nilivyofundishwa.

Karani alifunua ukurasa wa mwisho wa rejista, akaweka kidole kwenye mstari uliokuwa wazi. Nilitia sahihi. Kalamu ikasita pale nilipozoea kuongeza, na masikio yangu yakangoja rula.

"Andika," alisema. "Ukurasa unakwisha, nafasi ipo."

Nikaandika stashahada yangu yote, na jina la mji, na sikufupisha neno. Aliupuliza wino ukauke. Akateremsha kidole polepole juu ya safu ile, daftari, daftari, dole gumba, dole gumba, hadi kwangu. Sahihi nane. Akaifunga rejista, akaizungushia uzi, akakaza fundo.

"Basi. Sidaiwi na mtu."

Nilimsindikiza. Mlangoni aliniwekea mkononi sukari kwenye karatasi, akavaa kofia, akatazama upande wa vilima.

"Wewe ndiye mwenye safari ya Kibakwe," alisema. "Toka mapema, kabla ya jua."